Nambari 90: Injini ya kiwandani iliyotangulia kuuaga mvuke

KATIKA jumba la makumbusho la The Henry Ford, mjini Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani, imehifadhiwa injini ya treni yenye umbo la sanduku. Ni Nambari 90, iliyoundwa mwaka wa 1926, miongoni mwa injini za dizeli za mwanzo kabisa kupata soko.

Haikuundiwa safari ndefu wala abiria. Kazi yake ilikuwa kuvuta na kupanga mabehewa ya mizigo kwenye reli ya kiwanda cha Ingersoll-Rand, Phillipsburg, New Jersey. Kiwanda hicho ndicho kilichotoa mtambo wake wa dizeli wenye nguvu farasi 300. General Electric ikatoa vifaa vya umeme, na American Locomotive ikaunda bodi.

Dizeli yenyewe haizungushi magurudumu. Huzungusha jenereta, na umeme wake ukaendesha mota zilizo karibu na ekseli. Tatizo lilikuwa jenereta kuulemea mtambo hadi ukazimika. Mhandisi Hermann Lemp, mzaliwa wa Uswisi, ndiye aliyebuni namna ya kusawazisha viwili hivyo, dereva akabaki na wenzo mmoja wa kudhibiti nguvu.

Hata hivyo, ubunifu pekee haukutosha kuwashawishi wenye reli. Mnamo Januari 8, 1902, treni mbili ziligongana katika handaki la Park Avenue, New York, ishara zikiwa zimefunikwa na moshi na mvuke. Watu wasiopungua 15 waliangamia. Sheria zikafuata, na ile ya Kaufman ya 1923 ikalenga kuziondoa injini za mvuke jijini humo. Kutandaza nyaya za umeme katika kila yadi kulikuwa ghali mno. Ndipo dizeli ikapata mlango. Nambari 1000, nduguye 90, ilinunuliwa mwaka wa 1925, ikafanya kazi Bronx hadi 1957. Nayo imehifadhiwa, mjini Baltimore.

Walioumia ni wachochea makaa, kwani dizeli haina tanuri la kulishwa. Chama chao kilipigania nafasi hizo kwa miaka mingi, hadi Agosti 1963, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuupeleka mzozo kwa waamuzi. Miezi mitatu baadaye, waamuzi waliruhusu sehemu kubwa ya nafasi hizo, katika treni za mizigo na yadini, ziondolewe.