Makao ya Wazee: Utunzaji wa Muda Mrefu Huruma na Mitaa Jirani

Makao ya wazee ni nyumba anamoishi mtu aliyeishiwa nguvu na kukosa jamaa wa kumhudumia, akitunzwa usiku na mchana, mara nyingi hadi siku yake ya mwisho. Si hospitali, kwa kuwa hakuna atakayemponya uzee na kumruhusu aende. Wala si bweni, maana wakazi wengi huhitaji mkono wa mwingine ili wale, waoge na wageuke kitandani. Kenya ina makao machache ya aina hii, na mengi yanaendeshwa na mashirika ya kidini.

Anayetaka kujua kwa nini yanahitajika mjini apande ngazi za Huruma. Mtaa huu wa Nairobi uko kando ya Barabara ya Juja, umebanwa kati ya Mathare na Kariobangi. Majengo yake mengi ni marefu na hayana lifti, familia nzima huishi chumba kimoja, na choo ni cha kushirikiana. Magoti ya mzee yakigoma, ngazi humfungia ndani. Maji yakikatika, mtungi lazima upandishwe, na si yeye atakayeupandisha. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa baada ya mvua kubwa, likaua watu wapatao 50. Katika majengo ya namna hiyo, asiyeweza kushuka peke yake huomba tu maafa kama hayo yasitokee.

Ngazi zimo pia katika historia ya kazi ya kutunza wazee. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan nchini Ufaransa, mwanamke maskini aitwaye Jeanne Jugan alimchukua Anne Chauvin, kipofu aliyepooza, akampandisha hadi chumbani kwake na kumlaza katika kitanda chake mwenyewe. Hapo ndipo lilipoanzia shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao leo wana Nyumba ya Wazee kule Kasarani. Kariobangi, jirani kabisa na Huruma, kuna makao ya wazee yenye jina la Cheshire, kutokana na Leonard Cheshire, rubani wa vita wa Uingereza aliyefungua nyumba yake ya kwanza mwaka 1948. Huruma kwenyewe wapo masista wa Mama Teresa, wanaowapokea wagonjwa na watoto wenye ulemavu waliokosa mtu. Msomaji asichanganye mtaa huu na Mji wa Huruma, makao ya wazee ya Kaunti ya Nairobi, ambayo yako Runda.

Kumpeleka mzazi makao bado ni aibu kwetu. Watu husema ametupwa. Wengine wametupwa kweli. Lakini wengi walikuja Nairobi wakiwa vijana kutafuta kazi, hawakununua shamba, wakazika wenza wao na hata watoto wao. Na binti anayetoka alfajiri kwenda viwandani Industrial Area, akamfungia mama yake mlango kwa sababu hana wa kumwachia, hastahili kuitwa mkatili. Aibu hiyo ina madhara: humchelewesha mzee hadi anapofika makaoni ana vidonda vya kulalia vilivyofika mfupani.

Vidonda hivyo ndivyo kipimo cha kwanza cha makao. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na uzito wa mwili ukikandamiza sehemu moja kwa muda mrefu, damu haipiti. Kwa hiyo asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia. Mto huwekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka hunyooshwa, kwa maana kunjo moja tu linatosha kuchubua.

Kulisha nako kuna ustadi wake. Mzee huketishwa wima kwanza. Kijiko cha uji, kisichojaa, hugusa mdomo wa chini na kusubiri aufungue mwenyewe. Kisha mhudumu huangalia koo: lisipopanda na kushuka, uji bado uko mdomoni, na kijiko cha pili kitampalia. Kupaliwa kunaweza kupeleka chakula mapafuni, na hapo homa ya mapafu huweza kufuata. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Bakuli moja laweza kuchukua dakika arubaini, na mhudumu mwenye wazee kumi hana dakika hizo. Mimi naona uhaba wa wahudumu ndio ukatili mkubwa kuliko matusi, kwa sababu hata mwenye moyo mwema hulazimika kuharakisha.

Kuogeshwa huumiza zaidi nafsi. Mwanamume aliyelelewa akijua kwamba mtoto hauoni uchi wa mzazi sasa anavuliwa nguo na msichana wa umri wa mjukuu wake. Inafaa aogeshwe na mwanamume inapowezekana, afunikwe taulo, na aambiwe kila hatua kabla ya kuguswa: “Babu, sasa nakuosha mgongo.” Jina nalo lina uzito. Aliyeitwa Mama Otieno maisha yake yote asigeuzwe “kitanda cha nne”.

Ugonjwa wa kusahau huleta jambo ambalo Nairobi, mji wa makabila mengi, hulijua vizuri. Mtu aliyezungumza Kiswahili mjini miaka hamsini huanza kukipoteza, akarudi kwenye Kikamba, Kikuyu au Dholuo. Anaomba maji, na mhudumu hudhani anaropoka. Maneno kumi ya lugha yake, yakiandikwa na kubandikwa ukutani, humwondolea mateso mengi.

Kisheria, Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kunyanyaswa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Tangu 2018 Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, umepanuliwa kwa waliotimiza miaka 70, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo husaidia chakula, lakini haziajiri mtu wa kukesha.

Lipo swali ambalo wazee wengi huliuliza kabla ya kuulizwa: nitazikwa wapi? Kwa aliyekulia kijijini, kulazwa katika makaburi ya Lang'ata jijini, mbali na kaburi la mama yake, ni hofu inayomkosesha usingizi. Mhudumu mzuri huketi naye mapema, angali anakumbuka, akaandika kijiji, lokesheni, jina la mpwa aliyebaki na namba yake ya simu, na iwapo shamba bado lipo.