Wasio na makazi Roma: kwa nini bafu ni msaada mkubwa?

Huduma ya kanisa kwa maskini ikitajwa, wengi wetu hufikiria chakula na nguo. Mjini Roma, mtu mmoja aliyekuwa akilala nje alitaja shida nyingine. Konrad Krajewski, msimamizi wa sadaka za Papa Francisko, alipomwalika kwenda kula mgahawani, alisita kwa sababu alikuwa ananuka. Alieleza kwamba Roma chakula hakikosekani. Kinachokosekana ni mahali pa kuoga.

Februari 2015 yakafunguliwa mabafu kando ya Uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatican. Anayeoga hupewa sabuni, taulo na nguo safi za ndani. Vinyozi wa kujitolea nao huwanyoa na kuwakata nywele.

Si jambo dogo. Anayenuka hukimbiwa kwenye basi na hakaribishwi anapoomba kazi. Magonjwa ya ngozi nayo humwandama.

Novemba 2019, jengo la Palazzo Migliori, jirani na uwanja huo, lilifunguliwa kuwapa malazi wasio na makazi, chini ya uangalizi wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio.

Tunachojifunza ni hiki: kabla ya kumsaidia mtu, tumuulize kwanza anakosa nini.