Dau la chakula cha jioni

Samahani kwa ukimya, wiki hii tumeshinda wodini. Jana kwenye raundi nikaona faili la mama mmoja, mapigo hayajaandikwa tangu asubuhi. Nikauliza. Nikaambiwa we mwanafunzi, hayo hayakuhusu. Nikanyamaza, ila usiku nikamkumbuka Harvey Cushing.

Mwaka 1893, pale Massachusetts General Hospital, Boston, jamaa akiwa mwanafunzi tu aliitwa kutoka kwenye viti vya watazamaji, akaingizwa chumba cha pembeni na mgonjwa wa ngiri, akaambiwa mlaze kwa etha. Basi! Etha ilionyeshwa hadharani hospitali hiyohiyo mwaka 1846, yaani miaka 47 baadaye bado kulaza mgonjwa ilikuwa kazi ya kumtupia mwanafunzi. Yule mgonjwa akafariki. Cushing akazunguka mitaani mchana kutwa, jioni akaenda nyumbani kwa daktari mpasuaji kuuliza aifanyie nini familia ya marehemu kabla hajaacha chuo. Akajibiwa si kosa lako, mgonjwa alitapika usiku kucha, mambo haya hutokea mara nyingi, sahau.

Mara nyingi! Mimi hilo neno ndilo limenikosesha usingizi.

Hakusahau. Yeye na mwanadarasa mwenzake, Ernest Amory Codman, wakawekeana dau la chakula cha jioni: nani atalaza wagonjwa vizuri zaidi. Sasa utamjuaje mshindi bila kuandika? Ndipo mwaka 1894 wakaanza kuchora mapigo na pumzi za mgonjwa kwenye karatasi huku upasuaji ukiendelea. Mkubwa wao mmoja, Harrington, ndiye aliyewachochea (kumbe wakubwa wa kusikiliza walikuwepo). Cushing alisema baadaye kuwa kuandika kule kuliwalazimisha wamwangalie mgonjwa kwa makini, wakawa mahodari. Mwaka 1901 akaenda Pavia, Italia, akarudi Marekani na kipimo cha presha cha Riva-Rocci, nayo presha ikaingia kwenye karatasi.

Codman akaenda mbali zaidi: alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa ijue kama alipona, na kama hakupona, kwa nini. Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Alifariki 1940, kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka 2014.

Mimi na roomie tumeshawekeana dau: atakayeruka mapigo ya mgonjwa wake hata mmoja wiki ijayo ananunua chipsi mayai. Zamu saa moja asubuhi, acha nilale.