Mzunguko Mkuu wa Uigaji Sambamba

Mzunguko mkuu wa programu ya uigaji, wengi huuita kitanzi. Mimi nachagua mzunguko, maana kitanzi hunasa, na programu hii ina pa kutokea: foleni ya matukio ikiisha, au saa iliyopangwa ikifika, kazi imekwisha.

Chukua maji ya Nyalenda, Kisumu. KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, huyauza kwa jumla kwa wasimamizi wa laini, nao huyafikisha kwenye vioski na nyumba za mtaani. Anayetaka kuiga asubuhi moja ya laini hizo kwenye kompyuta hana haja ya kuhesabu kila sekunde. Anahitaji matukio: mkokoteni umefika, mtungi wa lita 20 umejaa, presha imeshuka. Mzunguko hutoa kwenye foleni tukio lenye muda wa mapema zaidi, huirusha saa hadi hapo, hulitekeleza, kisha hupanga kwenye foleni matukio mapya yaliyozaliwa nalo. Kwa kompyuta moja, hakuna zaidi.

Kasheshe huanza kila laini ikipewa kichakataji chake na saa yake. Tuseme laini ya chini imeshauza hadi saa 1:10 asubuhi, mara inaletewa ujumbe kwamba bomba la juu lilipasuka saa 1:04. Mitungi ya dakika sita imejazwa maji yasiyokuwapo!

Kuzuia hilo, mtafiti Bryant mwaka 1977, kisha Chandy na Misra mwaka 1979, walichagua kusubiri: tukio haliguswi mpaka iwe hakika kwamba hakuna la mapema zaidi litakalokuja. Ili laini zisikae zikingojeana milele, hutumiana ujumbe mtupu wenye ahadi tu: "sitakuletea kitu kabla ya saa 1:15." Mtafiti mwingine, Jefferson, mwaka 1985, alisema songa mbele; ujumbe uliochelewa ukifika, rudisha hali iliyokuwapo kabla ya muda wake na utume kinyume cha kila ujumbe uliotoka baada ya muda huo, ili kiufute.

Kwa hiyo mzunguko wa Jefferson huanza kwa kupokea ujumbe, si kutekeleza. Mara kwa mara husimama kutafuta kile ninachokiita sakafu ya muda: muda mdogo kuliko yote katika matukio yanayosubiri, pamoja na ujumbe ulio bado njiani (huo ndio husahaulika). Chini ya sakafu hiyo hakuna kurudi nyuma, na kumbukumbu za zamani hufutwa. Kuchapisha ripoti ya mauzo pia hungoja hapo, kwa sababu karatasi ikishatoka kwenye printa hairudishwi.