Msondo, Sikinde na mji wenye pande mbili

Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye bendi ya Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake mwenyewe kisha akaigeukia ya jirani. Wakati huo Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, ndiyo iliyokuwa ikitamba Dar es Salaam. Kisima akawatangazia dau wanamuziki waliokuwa nguzo za Sikinde, akiwamo mpiga gitaa Abel Baltazar na waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka. Wakahama. Ikazaliwa International Orchestra Safari Sound na mtindo wake wa Ndekule. Kwa shabiki wa Sikinde lilikuwa pigo zito. Kwa mpenzi wa dansi asiye na upande ilikuwa neema, maana ukizijumlisha hizo mbili na JUWATA, bendi ya chama cha wafanyakazi, mji sasa ulikuwa na bendi tatu za kulingana ubavu.

Sikinde yenyewe haikuwa na haki kubwa ya kulalamika. Ilipoanzishwa mwaka 1978, nayo ilijengwa kwa kuchukua watu wa bendi nyingine, na Gurumo na Bitchuka wote walikuwa wametokea JUWATA. Anayetaka kuelewa kwa nini wanamuziki wa Dar es Salaam walihamahama namna ile asianze na tamaa, aanze na vyombo. Magitaa, ngoma, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa ghali, na havikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA na baadaye OTTU, bendi nayo ikabadili jina, na ndiyo hii leo tunaiita Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Sikinde ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la mji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara, na siku akichukia alitoka na sauti yake na vidole vyake tu. Kwa hiyo mwenye vyombo aliyetaka bendi bora hakuwa na haja ya kulea chipukizi kwa miaka. Alitafuta aliyekwisha kuiva.

Hilo linaweza kuonekana kama uharibifu, lakini mimi naliona kuwa ndilo lililoupa muziki wa dansi nguvu yake. Bendi iliyonyang'anywa mwimbaji ililazimika kutunga upya na kupanga upya, maana Jumamosi inakuja na kiingilio kinatakiwa. Nyimbo za wakati ule zilikuwa ndefu. Zilianza taratibu, kisa kikasimuliwa ubeti kwa ubeti, cha mume mlevi au cha ndugu aliyesahau kwao, halafu likaja chemko: magitaa yanafukuzana, tarumbeta zinajibu, na aliyekuwa ameketi kumsikiliza mwimbaji anajikuta kati ya ukumbi. Redio Tanzania ilizirekodi na kuzitangaza nchi nzima, na kwa miaka mingi haikuwa na mshindani hewani. Hata hivyo hukumu ya bendi ilitolewa ukumbini.

Tabia hii ya mji kujigawa ni ya zamani kuliko gitaa. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani ya Kenya, vijana walianza kucheza beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu, kwa gwaride, sare na vyeo. Ilipoenea Tanganyika, hasa baada ya askari kuizoea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, miji mingi ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana. Arinoti walipokea zaidi wageni na watu wa kazi za mikono. Kila upande ulikuwa na wakubwa wake wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, na kila upande ulitaka kumfunika mwenzake kwa mavazi, kwa nyimbo za kejeli na kwa karamu. Watu walitumia hata wasichokuwa nacho ili upande wao usiaibike. Watawala walikuwa na wasiwasi na beni kwa sababu waliona jambo ambalo hawakulianzisha wala kulisimamia: Waafrika wa makabila mengi na miji tofauti, wakiwa katika mtandao mmoja.

Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Mwaka 1955, TANU ilipohitaji wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi, vilijua kuchangishana fedha, na vilizoea kujaza uwanja. Ushindani wa lelemama na ngoma nyingine ulikuwa umekwisha kuwafunza akina mama hao kazi ya siasa kabla siasa haijawafikia. Historia ya uhuru ikiandikwa bila kumbi na viwanja vya ngoma inakosa kipande kizima.

Katika miaka ya 1990 ushindani ulihamia kwenye mipasho, mafumbo ya taarabu. Upande mmoja Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, na mwimbaji wake Nasma Khamis. Upande wa pili Tanzania One Theatre, TOT, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, na mwimbaji wake Khadija Kopa. Vikundi hivi vilikuwa na ngoma, sarakasi na maigizo katika onyesho moja, lakini taarabu ikaja kuyafunika yote. Hapo ndipo utaona mji ulivyomtuza mwimbaji wake hasa. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaouma. Mama mmoja anainuka, noti ameibana kati ya vidole, mkono uko juu. Haendi moja kwa moja. Anacheza taratibu, anapita makusudi karibu na meza ya yule anayemkusudia, na ndipo anamfikia mwimbaji na kumtunza. Amelipa, na kwa malipo hayo amesema neno ambalo asingelisema mwenyewe.

Mwaka 1999 zikaja tuzo za muziki za Kilimanjaro, zenye mdhamini na jukwaa. Kisha mashindano ya kusaka vipaji kwenye televisheni, na kura za simu. Yamewafikisha mbali vijana wengi, na nafurahi kwa hilo. Lakini anayepiga kura kwa simu haonekani na mshindani wake, wala haulizwi kwa nini.

Gurumo, tuliyemwacha akihamia kwa Kisima, alirudi Msondo, akaimba huko hadi alipotangaza kustaafu mwaka 2013, na alifariki Aprili 2014. Sauti yake imo kwenye kanda za Redio Tanzania. Ambacho hakimo ni zile Jumamosi zenyewe: nani alijaza ukumbi wiki ile Baltazar alipohama, nani alihamia Ndekule na nani aligoma. Wanaolijua hilo wako Ilala, Magomeni na Temeke, na ni watu wazima sasa. Wapo waliokuwa wakikaa mlangoni kukata tiketi na waliopaka rangi mbao za matangazo. Waandishi wa burudani tuwafuate mwaka huu, tukiwa na kinasa sauti.