Namba Bila Ukurasa: Kitabu cha Polisi na Nakala Zake katika Afrika Mashariki

Kitabu cha matukio, ambacho polisi na raia wa Kenya hukiita OB, ndicho kumbukumbu ya kwanza ya karibu kila jambo linalofika katika kituo cha polisi: wizi, ajali, ugomvi wa nyumbani, mtu aliyepotea, mahabusu aliyeingizwa na saa aliyotolewa. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na kitabu cha taarifa, kinachojulikana mjini na shambani kwa jina la RB, na kutokana nacho hufunguliwa jalada, yaani faili la upelelezi lenye maelezo ya mlalamikaji, ya mashahidi na ya mtuhumiwa. Katika nchi zote mbili mlalamikaji huondoka kituoni akiwa na namba iliyoandikwa kwenye karatasi ndogo, na ukurasa wenyewe hubaki nyuma ya kaunta. Desturi hiyo ya kumpa raia namba na kumnyima ukurasa haikutokana na uvivu wa askari wa zamu wala uhaba wa karatasi, bali ilirithiwa pamoja na sheria zilizotungwa ng'ambo ya bahari kwa ajili ya msomaji mwingine kabisa, na historia ya kuomba nakala za kumbukumbu za polisi katika Afrika Mashariki ni historia ya msomaji huyo kulazimishwa, polepole na kwa shingo upande, kuwapisha wengine.

Chimbuko lake ni India. Baada ya uasi mkubwa wa 1857 Waingereza waliliunda upya jeshi la polisi la koloni hilo, na Sheria ya Polisi ya 1861 ikamtaka kila mkuu wa kituo aweke shajara ya jumla, yaani daftari la kila siku la kuandikia malalamiko yote, majina ya waliokamatwa na ya waliowashtaki, makosa yaliyodaiwa, silaha na mali zilizochukuliwa, pamoja na majina ya mashahidi waliohojiwa. Kifungu hichohicho kilitaja pia nani angeweza kuliitisha daftari na kulikagua, naye alikuwa hakimu wa wilaya, ambaye katika utawala ule alikuwa pia mtawala wa wilaya, ilhali mlalamikaji hakutajwa. Mwenendo wa mashtaka ya jinai uliofuata ulikaza kamba zaidi kuhusu shajara ya upelelezi, ambamo mpelelezi huandika hatua zake siku kwa siku, kwa kuwa mahakama iliruhusiwa kuiitisha ili iisaidie, ilhali mshtakiwa na mawakili wake walikatazwa waziwazi kuidai, hata pale ambapo mahakama ilikuwa imeirejelea. Kwa ufupi, daftari lilikuwa njia ya mkubwa kumchunguza mdogo wake kazini, na raia aliyeandikwa humo alikuwa habari tu.

Sheria hizo zilivuka Bahari ya Hindi pamoja na utawala. Amri ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1897 ilizifanya sheria kadhaa za India, ikiwemo ya mwenendo wa jinai na ile ya ushahidi ya 1872, zitumike katika eneo lililokuja kuitwa Kenya, na Tanganyika nayo iliingizwa katika mfumo huo mwaka 1920, mara tu Waingereza walipoushika utawala kutoka kwa Wajerumani. Wajerumani walikuwa na madaftari yao, hasa vitabu vya adhabu ambamo maofisa wa wilaya waliandika viboko na vifungo walivyotoa, lakini hivyo pia viliandikwa ili visomwe na wakubwa wa Dar es Salaam na Berlin. Mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipata sheria zao za mwenendo wa jinai zilizofuata zaidi mtindo wa Uingereza. Sheria ya ushahidi ya India, hata hivyo, iliendelea kutumika hadi Kenya ilipotunga yake mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967, na zote mbili zilibeba sehemu kubwa ya maneno ya ile ya zamani.

Urithi huo una uzito, kwa sababu ni katika sheria ya ushahidi ndimo dai la kwanza la nakala lilimopata mahali pa kusimama. Sheria hiyo hutofautisha hati binafsi na hati ya umma, yaani andiko la mtumishi wa serikali alilolifanya katika kutimiza kazi yake, na humwagiza ofisa mwenye kuitunza hati ya umma ampe nakala iliyothibitishwa, yenye sahihi na tarehe, kila anayeiomba na kulipa ada, mradi mwombaji awe na haki ya kuikagua hati hiyo. Mtego wote umo katika sharti hilo la mwisho. Haki ya nakala ilifungwa kwenye haki ya kukagua, na haki ya kukagua daftari la polisi haikutamkwa popote, hivyo mwombaji alizungushwa kutoka kifungu hadi kifungu bila kufika mlangoni. Tena sheria ileile ilimkinga polisi asilazimishwe kusema ni nani aliyempa habari za kosa, na ikamruhusu ofisa wa serikali kukataa kufichua mawasiliano ya kiofisi aliyoona yangeudhuru umma. Kumlinda mpasha habari ni jambo la busara, na hakuna nchi isiyolifanya. Lakini kinga iliyokusudiwa jina la mtu mmoja ilizoeleka kutumika kama kifuniko cha kitabu kizima.

Ufa wa kwanza uliletwa na ajali za barabarani. Bima ya lazima kwa ajili ya watu wa tatu, yaani wale wanaoumizwa na gari ambalo si lao, ilipoingia katika sheria za makoloni, madai ya fidia yalihitaji uthibitisho wa tarehe, mahali, namba za magari na majina ya madereva, na mwenye taarifa hizo alikuwa polisi peke yake. Nchini Kenya hitaji hilo lilizoesha hati ambayo wananchi huiita abstrakti, yaani muhtasari uliotolewa katika kitabu cha matukio na kupigwa mhuri wa kituo, nayo leo hutolewa pia kwa aliyepoteza kitambulisho, hati ya shamba au kadi ya benki. Tanzania inayo hati ya upotevu wa mali, na nchi zote mbili zina fomu ya matibabu, P3 kwa Kenya na PF3 kwa Tanzania, ambayo polisi huijaza sehemu ya kwanza na daktari sehemu ya majeraha. Hati hizi zina manufaa makubwa, na maelfu ya kesi zimezitegemea. Hata hivyo zote ni dondoo zilizochaguliwa na polisi mwenyewe, na anayezipokea hana njia ya kuzilinganisha na maneno yaliyoandikwa kitabuni usiku wa tukio.

Kumbukumbu za alama za vidole zilifuata njia yake, nayo ilianzia Bengal, ambako Edward Henry, aliyekuwa mkuu wa polisi wa jimbo hilo, na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose walibuni namna ya kuzipanga alama hizo ziweze kutafutwa upesi. Kenya ilizitumia kwa ukali katika kipande, cheti cha usajili kilichoamriwa na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambacho mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kukibeba, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Leo mtafuta kazi huenda kwa hiari kuchukuliwa alama zilezile ili apewe cheti cha tabia njema, kinachothibitisha kama ana rekodi ya kosa la jinai au hana, na pengine ndiyo kumbukumbu pekee ya polisi inayoombwa kwa wingi na mtu anayetumaini kukuta haina kitu.

Sura nzito kuliko zote katika historia hii ilifunguka uhuru ulipokaribia. Mwaka 1961 Wizara ya Makoloni mjini London ilielekeza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha Serikali ya Uingereza, au polisi, wanajeshi na watumishi wake, au kuwafichua wapasha habari. Majalada yakachambuliwa kwa siri. Mengine yalichomwa moto, na mengine yakapakiwa kwenye ndege, miongoni mwake yakiwa takribani majalada 1,500 ya Kenya yaliyogusa kwa sehemu kubwa vita vya Mau Mau, kambi za vizuizi na kazi za polisi wa usalama. Serikali ya Kenya ilianza kuyadai tangu miaka ya 1960 na ikakataliwa, kwa hoja kwamba yalikuwa mali ya Uingereza. Dola huru ilijikuta imesimama upande uleule wa kaunta aliposimama mlalamikaji wa kawaida: ilijua kumbukumbu ipo, ilijua inamhusu nani, na haikuruhusiwa kuufunua ukurasa.

Waliolivunja fundo hilo walikuwa wazee walioteswa. Mwaka 2009 baadhi ya wahanga wa kambi za vizuizi walifungua madai katika Mahakama Kuu ya London, na katika kesi hiyo mwanahistoria David Anderson alieleza kwamba kulikuwa na shehena ya nyaraka za Kenya iliyoondolewa Nairobi na ambayo haijawahi kuonekana hadharani. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba nyaraka hizo zilikuwa Hanslope Park, ghala lake lenye ulinzi mkali kaskazini ya London, pamoja na za makoloni mengine, jumla yake ikikadiriwa kuwa majalada 8,800 kutoka makoloni 37. Kuanzia 2012 zilihamishiwa kwa awamu katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, na mnamo Juni 2013 Uingereza ilitangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, fidia pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Inafaa kusisitizwa kwamba nyaraka hizo hazikutolewa kwa hisani ya mtunzaji wake, kwani ni kesi ndiyo iliyozitoa, na bado mtafiti wa Nyeri au Kiambu anayetaka kuuona mkusanyiko huo wenyewe hulazimika kusafiri hadi Uingereza.

Katika mahakama za nyumbani pia mshtakiwa ndiye aliyetangulia kupata nakala. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania ya 1985 inamwamuru hakimu ahakikishe kwamba mshtakiwa anapewa nakala ya taarifa ya kwanza iliyofikishwa polisi, pamoja na maelezo ya aliyeitoa ikiwa ametajwa kuwa shahidi. Nchini Kenya Mahakama ya Rufani, katika shauri la Cholmondeley la 2008, ilishikilia kwamba upande wa mashtaka unawajibika kumkabidhi mshtakiwa mapema maelezo ya mashahidi na vielelezo, na Katiba ya 2010 ikalifanya jambo hilo kuwa sehemu ya haki ya kusikilizwa. India yenyewe imekwenda mbali zaidi, kwani tangu 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo imeagiza taarifa za kwanza ziwekwe kwenye tovuti za polisi ndani ya saa 24, isipokuwa katika mambo nyeti.

Mlalamikaji wa kawaida alifikiwa mwisho. Kwa kuitekeleza ibara ya 35 ya Katiba, Kenya ilitunga Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayomruhusu raia kuandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kueleza sababu, na kujibiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Hatozwi ada kwa ombi lenyewe, ila gharama ya kunakili, na akikataliwa hupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usalama wa taifa, faragha ya watu wengine na upelelezi unaoendelea hubaki kuwa sababu halali za kunyimwa, ingawa habari iliyotunzwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa haimo tena katika kinga hizo mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Ombi lenye namba ya OB, tarehe na jina la kituo huwa gumu kupuuzwa, na hapo ile namba iliyotolewa badala ya ukurasa hugeuka kuwa njia ya kuupata.

Tanzania nayo ilipitisha mwaka huohuo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, yenye muda wa siku 30 wa kujibu, lakini rufaa dhidi ya kukataliwa huishia kwa Waziri badala ya tume huru. Jingine limo katika mipaka yake. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, na askari anayeandika taarifa Mkunazini, Unguja, ni wa jeshi moja na yule wa Magomeni, Dar es Salaam, ilhali sheria hiyo ya 2016 inatumika Tanzania Bara pekee, kwa hiyo mkazi wa Unguja au Pemba anayetaka nakala ya maneno yake mwenyewe hawezi kuitegemea.