X ya homa ya ini

Kirusi cha homa ya ini B kina jeni nne tu: S ya ganda la nje, C ya gamba la ndani, P ya kimeng'enya kinachonakili, na X. Hii ya mwisho ilipewa herufi ya fumbo kwa kuwa kazi yake haikujulikana. Leo inajulikana, na jina limebaki. Afadhali hivyo, maana ni fupi. Ndani ya kiini cha seli, DNA ya kirusi hufungwa kama pete, na protini za seli ziitwazo Smc5/6 huizuia isisomwe. Protini ya X hujishikiza kwa DDB1, protini ya seli hiyohiyo, ikaitumia kuzifanya Smc5/6 zivunjwevunjwe. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2016. X ikikosekana, jeni za kirusi husomwa kwa shida mno.